Aliye Juu Humpitia wa Chini

Jioni moja ya mwaka 1998 nilipeleka orodha ya wanachama, karatasi kumi na mbili, kwa Mayu Felisita, katibu wa chama cha wakunga pale Bariadi, aweke sahihi. Barabarani malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yanawasha taa. Wafadhili walitaka kumbukumbu za chama, tangu 1958, ziingizwe kwenye kompyuta. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu najua kuchapa, na mama yangu, Milembe, ni mkunga mwanachama.

Felisita alikuwa amenikabidhi madaftari mawili. La walio hai lilikuwa wazi. La marehemu lilifungwa kwa kaniki. "Usiyaweke pamoja," alisema. Nikayaweka rafu mbili. Kwenye kompyuta nikayaunganisha, majina yote kwa alfabeti.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone. Haya, tuone kama mashine yako inatujua kuliko sisi wenyewe."

Alicheka. Akafika ukurasa wa saba, akaacha kucheka.

"Salvatory, umewachanganya."

"Nimeandika 'marehemu' pembeni."

"Wao hawasomi pembeni."

Utaratibu wa chama niliujua tangu utoto. Uchungu ukimshika mjamzito, mkunga aliyeandikwa juu humpitia wa chini yake, waende wawili. Felisita akaweka kidole. Juu ya mama yangu: Mahona. Alikufa 1974.

"Kafute," alinong'ona. "Giza halijaingia."

Nilikimbia kwa Anatoli, mwenye kompyuta. Jenereta lilikuwa kimya.

"Mafuta yamekwisha. Na disketi wafadhili wameshaichukua, iko kwenye basi la Dar. Majina ya bibi zako yana haraka gani?"

Nikakimbia nyumbani, Somanda.

Mlangoni palinuka spiriti ya hospitali... na udongo uliochimbwa.

Mama alikuwa hajatembea miaka miwili. Nilimkuta amesimama, mkoba wa kazi begani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mahona kanipitia. Anasema tunachelewa."

"Mahona amekufa."

"Najua. Maiti yake niliiosha mimi." Alitazama mlango. "Zamu ni zamu, baba."

Nikamshika mikono yote miwili.

Nje, mtu alikohoa.

Mara moja.

Nikakaza. Alivuta kuelekea mlangoni, kisha akaacha kuvuta. Nilipomlaza alikuwa hapumui. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, inanuka sabuni. Ndani hamkuwa na maji.

Asubuhi Anatoli alifuta orodha kwake. Felisita alisema huenda ikatosha. Hakuapa.

Siku ya tatu ya msiba alikuja Minza, mkunga wa Lalago. Kwenye orodha alikuwa chini ya mama. Yeye yuko hai. Hakunipa pole. Alinivuta nyuma ya nyumba.

"Juzi jioni mama yako alinigongea."

"Ukafungua?"

"Nilimwambia asubiri nivae." Alikaza kanga kiunoni. "Bado amekaa uani kwangu, Salvatory... anasubiri."