Daftari Lililomshinda Sidi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Sidi alifungua kabati la maktaba ya shule yao huko Tononoka na kupanga madaftari ya orodha. Moja liliorodhesha vitabu vya hadithi, jingine ramani. Lile kubwa liliorodhesha madaftari yote ya kabati, na lenyewe likiwemo. Kwa maonyesho ya hisabati, Sidi alibuni daftari jipya la kuorodhesha madaftari yote yasiyojitaja yenyewe ndani yake, na hayo tu. Mshindi angeiwakilisha shule katika maonyesho ya kaunti, na Sidi alikuwa ameshajitangazia ushindi.

Siku ya maonyesho, mwanafunzi mwenzake Kioko alisimama mbele ya meza ya Sidi. Wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu darasa la nne.

"Hujambo, Sidi?"

Sidi hakumjibu. Huko ni kumtukana mtu mchana kweupe.

"Hili daftari jipya nalo limo kwenye orodha yake?" Kioko aliuliza.

"Halijajitaja, kwa hivyo naliandika sasa hivi."

"Ukiliandika litakuwa limejitaja. Halitafaa kuwamo."

"Basi nalifuta!"

"Ukilifuta, halijitaji. Itabidi liwemo."

Sidi aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Wivu tu unakusumbua! Ukimwambia mwalimu, utanitambua!"

"Sina haja ya kumwambia. Nataka nikuone ukidanganya," Kioko alisema kwa chuki.

Mwalimu Nasipwondi akafika na waamuzi wawili. "Sidi, orodha yako imekamilika?"

"Imekamilika, mwalimu."

Kioko alimkazia macho. Sidi alimchukia kuliko siku zote, lakini uongo wake mwenyewe ulimuuma zaidi.

"Nimedanganya, mwalimu. Haiwezi kukamilika." Kisha akalitamka jina lile kwa shida: "Kioko ndiye aliyeona kosa."

Sidi hakushinda. Alilia waziwazi. Waamuzi walipoondoka, mwalimu alivuta kiti.

"Zaidi ya miaka mia moja iliyopita," alisema, "Mjerumani mmoja aliyetumia miaka mingi kuandika kitabu cha misingi ya hesabu alipata barua kutoka kwa Mwingereza. Kitabu kilikuwa tayari kinachapwa, na barua ilifichua kosa la aina hii hii. Mjerumani yule hakuificha barua ile. Alilieleza kosa mwishoni mwa kitabu chake. Baadaye Mwingereza akapendekeza ngazi: orodha za vitu ziwe ngazi ya kwanza, orodha za orodha hizo ngazi ya pili, na orodha yoyote isitaje ila zilizo chini yake. Wataalamu wanaendelea na kazi hiyo hadi leo. Mwanangu, ukweli wako umekunyima zawadi, lakini bila huo hakuna elimu inayosonga mbele. Ungelificha kosa hili, tungebaki nalo sote."

Sidi alijifuta machozi, akachora ngazi mbili kwenye ukurasa mpya. Juu yake akaandika: "Kosa la kwanza lilionwa na Kioko." Akamsogezea Kioko kalamu.

"Sijambo," alisema.

"Umechelewa kujibu," Kioko alisema akiwa amenuna, lakini kalamu aliipokea.