Nimeletwa na Wifi

Haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingeona. Mimi na Mama Vifungu tulitenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Wasomi watakwambia majini hayapo. Waache na vyeti vyao. Mimi shule niliiacha kabla haijanichoka, lakini jini nimelisikia likibofya kompyuta, na wao bado.

Mama Vifungu alipewa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu hakuweza kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha sheria. Kazi yake ilikuwa kwa wakili mmoja mfupi mwenye sauti ndefu. Wakili huyo alikuwa ameagizwa kuandaa mswada wa sheria mpya: mume akifa, nani abaki ndani ya nyumba? Basi Mama Vifungu akatumwa kuzunguka dunia bila kuinuka kwenye kiti. Alifungua intaneti, akaingia katika sheria za nchi hii na ile, akazilaza ubavu kwa ubavu kama mtu anayechagua vitambaa. Huku mjane hukaa mpaka kufa kwake. Kule hukaa mpaka aolewe tena. Kwingine sheria imenyamaza, na sheria ikinyamaza, ndugu wa marehemu hupata sauti.

Naye alikuwa na lake moyoni. Mumewe alikuwa amemfia mwaka ule, kifua kikiwa kimemla taratibu, akamwachia nyumba bila wosia na bila mtoto. Sheria ya zamani ya nchi yake aliijua kama jina lake: mjane asifukuzwe, lakini akiondoka mwenyewe, amekwenda, na nyumba inarudi kwa ukoo. Ndugu wa mume walikuwa kimya. Kimya cha paka aliyeona kitoweo.

Isipokuwa mmoja. Mdogo wake marehemu, wa kike, aliletwa nyumbani humo angali na meno ya utoto baada ya mama yao kufa. Mama Vifungu ndiye aliyemsuka, aliyemwogesha, aliyemsomesha. Wakaitana wifi kwa wifi, kila mmoja akimwita mwenzake hivyo, hata majirani wakasahau majina yao. Marehemu alipougua, wawili hao walipokezana kumgeuza ubavu na kumshikia beseni akikohoa. Mama Vifungu alizoea kusema, "Mungu kaninyima wa kuzaa, kanipa wa kuitana."

Wifi huyo ndiye aliyemshauri afanyie kazi nyumbani. Siku moja aliingia na kisanduku cheupe chenye vitaa, akakichomeka kwenye pembe kilipokuwa kitanda cha marehemu.

"Wifi, nimekuletea waifai. Sasa una mawifi wawili!"

"Huyu wa pili anaosha vyombo?"

"Hajui kuosha, ila haombi nauli."

Wakacheka mpaka nami huku ng'ambo ya ukuta nikacheka, ingawa sikuwa nimealikwa.

Jambo lilianza dogo. Asubuhi moja Mama Vifungu alifungua sheria ya nchi fulani ya visiwani aliyokwisha kuisoma mara nyingi ofisini. Akashuka mpaka kifungu cha mjane. Palikuwa na maneno mawili tu, tena ya Kiswahili: *Mjane atatoka.*

Nchi ile Kiswahili hawakijui hata cha kuombea maji. Akafungua sheria ya nchi nyingine, ya baridi, ng'ambo ya dunia. *Mjane atatoka.* Akaifunga, akaifungua tena, na kifungu kikawa kimerudi kama zamani, kirefu na kigumu. Akampigia wakili simu.

"Mama, umekunywa chai?" wakili akauliza.

"Nimekunywa."

"Basi lala kidogo."

Wifi alikuwa mlangoni, amejishika kiuno. "Kwani neno moja lina nini, wifi, mpaka ukose raha?"

"Neno ndilo kila kitu. Mtunga sheria akibadilisha neno, amebadilisha maana. Juu akiandika nyumba na chini akaandika makazi, hivyo ni vitu viwili, na kuna mtu atalala nje kwa tofauti hiyo."

"Haya, mheshimiwa," wifi akasema, akaenda zake jikoni.

Ikaja harufu. Dawa ya kuchua kifua, ile ya marehemu, iliyochanganyika na udongo mbichi. Ikaja sauti. Mama Vifungu akiwa uani anaanika nguo, vitufe vya kompyuta vinasikika ndani, *ta-ta-ta*, kama kuku anayedonoa bati. Akiingia, kimya, na kiti kina joto. Alimwuliza wifi kama ni yeye. Wifi akasema, mimi na kompyuta wapi na wapi.

Halafu ikawa ile jioni umeme ulipokatika mtaa mzima, vitaa vya kisanduku vikafa, kioo cha kompyuta kikafa, na Mama Vifungu akanyanyuka kutafuta mshumaa, lakini kabla hajalifikia kabati kioo kikawaka peke yake, mwanga wa rangi ya maziwa yaliyoharibika, na sheria zikaanza kufunguka zenyewe moja juu ya nyingine, za nchi alizozijua na za nchi ambazo hakuna ramani iliyopata kuzichora, zikipita kwa kasi mpaka ikasimama moja isiyo na bendera wala nembo, imeandikwa, *Sisi tukaao katika mtandao tumeiona nyumba hii, na mtandao hauna ukuta wala mlango, na aliyemo humo hafukuziki, bali mjane atatoka*, na wakati bado midomo yake inalisoma lile neno la mwisho, nyuma ya kisogo chake, karibu kiasi kwamba nywele zilitikisika, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mumewe, kikavu mara mbili, halafu kile kirefu cha kuvuta, halafu kuguna.

Alikimbia hadi chumbani kwa wifi. Alimkuta ameketi kitandani gizani, amevaa viatu.

"Umesikia?" Mama Vifungu akanong'ona.

"Sijasikia kitu, wifi."

"Amekohoa. Kaka yako amekohoa!"

Wifi akamshika mkono. "Nenda kwa dada yako upumzike kidogo. Mimi nitabaki niiangalie nyumba."

"Nikitoka nimekwenda, wifi. Sheria unaijua, nilikwambia mwenyewe."

"Sheria haikohoi," wifi akajibu polepole. "Roho yako kwanza."

Mama Vifungu hakutoka. Aliita mganga. Mtaani tulimwita Bwana Toka, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kuanzia kazi na la kumalizia. Alikuja mchana, jua likiwaka, akanyunyiza maji pembe zote, akakaa mbele ya kompyuta kama anayengojea kunyolewa.

"Toka!" akasema.

Harufu ikazidi.

"Hutoki? Basi sema, umeletwa na nani?"

Vitufe vikabonyea vyenyewe, kimoja kimoja, bila kidole. Kiooni yakatokea maneno: *NIMELETWA NA WIFI.*

Kabla mtu hajapumua, wifi alipiga ukelele. "Waifai! Si mnaona? Limeandika waifai! Ni hicho kisanduku, king'oeni, king'oeni!"

Bwana Toka hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikichomoa kile kisanduku, akakizamisha katika ndoo ya maji, na ndani ya maji kikapiga mluzi kama birika. Wifi akamkumbatia Mama Vifungu, akilia. Mganga akakung'uta kanzu yake.

"Kama kimeingia chenyewe, kimekwisha," akasema. "Lakini ujue, mama, chenye kuletwa na mkono huondoka na mkono huohuo. Mimi hapo maji yangu ni ya kunawa tu."

Wakamsindikiza. Nyumba ikanyamaza, na Mama Vifungu akalala kama mtoto.

Kesho yake jua likielekea kuzama, harufu ilirudi, na safari hii haikutoka pembeni bali ilipanda kutoka kwenye nguo zake mwenyewe, kutoka kwenye mto, kutoka kwenye kikombe alichokuwa akinywea, na kompyuta isiyo na intaneti wala waya ikawaka na kuandika *Mjane atatoka leo*, na kikohozi kikaanza chumbani, kikaja ukumbini, kikazunguka meza, kikasimama upande wake wa kushoto, upande aliokuwa akilala mumewe, na kikamkoholea sikioni kwa unyevunyevu wake.

Akachukua mkoba. Akatupia nguo humo bila kukunja. Wifi alikuwa tayari ameufungua mlango wa mbele na kuushikilia wazi.

"Nenda, wifi. Nenda uiokoe roho."

Mguu mmoja wa Mama Vifungu ulikuwa nje. Wa pili ukagoma. Mtu akishazoea kupekua sheria hata akifukuzwa na jini atapekua, na neno lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile ya giza jini liliandika *mtandao*. Liliandika mtandao, likarudia mtandao. Kwa nini siku ya mganga likaandika *wifi*?

Mtunga sheria akibadilisha neno, amebadilisha maana.

Akaurudisha mguu ndani.

"Wifi," akasema, "jini halikuandika waifai."

"Liliandika, mbona wote tuliona!"

"Wewe ndiye uliyelisoma hivyo. Tena ulikuwa na haraka. Limeandika wifi."

Wifi akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Hata wewe ni wifi. Kwangu mimi."

"Kweli. Basi niambie, mimi nimelileta ili nijitoe mwenyewe?"

Kikohozi kikatulia, kama kinasikiliza.

"Kikohozi kile," Mama Vifungu akasema, na sauti ikaanza kumvunjika, "tulikijua watu wawili duniani. Mbili kavu, moja ya kuvuta, halafu kuguna. Nani alilifundisha jini kukohoa kama mume wangu?"

"Nyumba ni ya kaka yangu," wifi akasema, akiitazama sakafu. "Sheria yenu mpya ikipita, utakufa na nyumba mkononi. Wakubwa wa ukoo walinituma. Nikaambiwa litakutisha tu, utoke mwenyewe. Hakuna ambaye angekugusa."

"Nilikushikisha beseni lake kwa sababu nilikuamini."

"Najua."

"Nilikusuka, wifi!"

"Najua, wifi."

Mama Vifungu aliuweka mkoba chini. Akakumbuka mkono uletao na mkono uondoao. Lilibaki neno moja tu, na lilimuuma kulitamka kuliko alivyoumwa siku ya mazishi.

"Toka."

Wifi alitoka kama alivyosimama, bila kuchukua hata kanga. Kikohozi kiliondoka sikioni kwa Mama Vifungu, kikapita ukumbini, kikavuka kizingiti, kikamfuata wifi uani kwa mwendo wa mgonjwa anayeshikwa mkono. Langoni wifi aligeuka, akaiangalia nyumba, akalia. Kisha wakaenda wote wawili.

Mama Vifungu aliumaliza ulinganisho wake. Bado anakaa humo, wala hajataka kisanduku kingine. Lakini zipo jioni kompyuta yake, imezimwa, huwaka na kumwonyesha kwamba kuna kitu cha kuunganika nacho hapo karibu, nguvu zote, jina lake *wifi*. Huinuka, akahakikisha lango limefungwa, akasimama pale kitambo, akisikiliza kama kuna mtu wa kukohoa au wa kubisha hodi, na mimi ng'ambo ya ukuta sijui anatamani kipi.

Yote ni kama nilivyoyaona. Nililotia la kwangu ni moja tu, nalo nililitia kwa kumhurumia yule mama: pale langoni wifi hakugeuka.