Elfu Thelathini na Nane za Bi Hamdiya

Begi langu lilikuwa nje ya duka, juu ya kreti la soda, zipu wazi...

Boksa mbili, chaja, cheti changu cha form six. Vyote vimepekuliwa, vikarudishwa hovyo hovyo.

Wanangu, hapo ndo nikajua nishakuwa mwizi.

Mie naitwa Gozbert. Nimemaliza form six mwaka jana, mkopo wa chuo nikaukosa, nikaangukia hapa Temeke kwa Bi Hamdiya. Ni mama yake Muhannad, mshikaji niliyekaa nae dawati moja miaka miwili. Wanauza udi na viungo toka enzi za babu zao.

Mie ndo niliwaingiza mtandaoni, kwenye app moja sitaitaja. Oda napokea mie, pakti nafunga mie, laini ya simu inayoingiza hela nakaa nayo mie. Mwisho wa mwezi natoa kwa wakala, ada ya kutoa mama analipa kando, nampelekea mkononi. Nalala stoo, kwenye magunia ya iliki.

Nikaingia ndani.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Huyu mama anaitikiaga hata shikamoo ya walevi.

Muhannad alikuwa na kalkuleta. Hakuniangalia.

"Goz, mwezi huu zimepungua elfu thelathini na nane."

"Kwa hiyo mkapekua begi?"

"Mama ndo kasema."

"Sijakuuliza nani kasema."



Bi Hamdiya akavuta ushungi wake. Akasema taratibu, na hiyo ndo iliniuma zaidi, "Niambie tu, mwanangu. Ukiniambia, yameisha. Ukinificha, leo hii urudi kwenu."

Kwetu Muleba. Nauli sina. Na nikirudi nimefukuzwa kwa wizi, pale kijijini hakuna atakayeuliza mara mbili.

Sikukasirika hata. Nilichoka tu. Nikamwambia Muhannad anioneshe hesabu yake.

Hesabu ilikuwa safi. Tumeuza pakti 1,420 za buku jero, yaani 1,500 kila moja. Jumla 2,130,000. App inakata kamisheni asilimia kumi, inakuwa 213,000. Juu ya kamisheni kuna VAT asilimia kumi na nane, 38,340. Makato yote 251,340. Ilitakiwa nilete 1,878,660.

Nilileta 1,840,660.

Nikakaa chini. Nikafungua app, nikabonyeza oda moja, nikashuka chini kabisa, kule ambako sijawahi kushuka toka nianze kazi.

Kamisheni 150. VAT 27. Halafu kamstari kadogo ka kijivu: kufunga hesabu, 23. Jumla 200.

Nikarudia oda nyingine. Hivyo hivyo.

Nikamwita mama aone. Nikamweleza kwamba app haingoji mwisho wa mwezi ipige hesabu moja kama Muhannad. Inapiga kwenye kila pakti peke yake. Makato yakitoka 177, wao wanapandisha hadi hamsini inayofuata, yanakuwa mia mbili. Shilingi ishirini na tatu. Nani ataziona?

"Mara pakti zote?" akauliza.

"Zote mama. Mtu akinunua sita, inahesabu sita."

Muhannad akabonyeza kalkuleta. 32,660.

Sasa nyie, kuvunja boksi kuwa pakti za buku jero tumeanza mwezi huu, na lilikuwa wazo langu. Huku kwetu watu wananunua kidogo kidogo, nikasema na mtandaoni tufanye hivyo hivyo. Zamani boksi la pakti kumi tuliuza elfu kumi na tano, makato 1,770, wakipandisha ni 1,800. Tunapoteza thelathini. Pakti kumi moja moja, tunapoteza mia mbili thelathini.

Ujanja wangu ndo ulikuwa unamla mama wa watu.

Ila mama alishaanza kucheka. Akasema wallahi hawa wa mtandaoni ni wachuuzi kuliko babu yake. Muhannad akatoka nje, akarudi na begi langu, akalishika kama mtoto mchanga.

"Zinabaki elfu tano mia tatu arobaini," akasema, huku anaona aibu.

"Na hizo tuzifunge tu," mama akasema. "Wao wafunge, sie tusifunge?"

Ilikuwa imeisha, wanangu. Ningenyamaza tu ilikuwa imeisha.

"Mama, hizo usizifunge," nikasema. "Hizo nilichukua mie."

Kicheko kikakata.

Nikasema yote. Nilijitumia elfu tano toka kwenye laini ya duka, makato ya kutuma mia tatu arobaini. Nilienda nazo Kurasini kuomba kazi kwenye yadi ya makontena. Nilienda mara tatu, kila mara wananiambia rudi wiki ijayo.

"Ungeniomba nisingekupa?"

"Ungenipa mama. Ila ungeuliza ya nini."

Hapo akaniangalia muda mrefu sana. Kumbe kilichomuuma si elfu tano. Ni kwamba nilikuwa natafuta njia ya kuondoka kwake.

"Oda utaendelea kufunga," akasema. "Laini mpe Muhannad."

Nikampa.

Nyie mnaouza mtandaoni, shukeni hadi chini ya kila risiti, na vitu vidogo uzeni kwa boksi. Na wewe uliyeshika hela ya mtu, ukihitaji hata mia, omba. Atakuuliza maswali, utaona aibu dakika moja, imeisha.

Mie bado nalala stoo. Hela nimerudisha, mama anaitikia shikamoo kama zamani. App imetula elfu thelathini na mbili na mia sita sitini, na kila asubuhi tunaifungua tena bila kinyongo...

Ila Muhannad akihesabu hela siku hizi, anageukia ukutani kidogo.