Robo ya Mzunguko

Maji yakishakupwa, gati la Maya halina mheshimiwa. Ngalawa za injini hukwama mbali, na anayetaka kuvuka kwenda kisiwani, awe padri au muuza kuku, hukunja nguo na kuzifuata akiwa na maji magotini. Jumatatu hiyo watu walijaa pomoni. Kulikuwa na magunia ya mchele, kreti za soda, watalii wenye mabegi makubwa kuliko akili zao, na jogoo wa kupigana aliyewika ndani ya kikapu kama vile yeye ndiye aliyewalipia wote nauli.

Rizalyn Ybañez alisimama ukingoni amevaa gauni la njano lenye maua meupe, viatu mkononi, begi la zana za kuzamia begani. Alitoka Cebu mjini na basi la alfajiri, na bado alinukia sabuni.

"Dada, panda mgongoni nikuvushe," alisema kijana mmoja mwenye mabega mapana na fulana iliyochakaa ya kampeni ya diwani aliyeshindwa. "Peso ishirini. Kwa mrembo, kumi."

"Na asiye mrembo?"

"Hamsini. Lakini hilo halikuhusu."

"Asante, kaka. Miguu ninayo miwili."

Akatia begi kichwani, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akaingia majini bila kugeuka. Kijana akanyanyua kreti yake ya soda akamfuata, macho yakiwa kwenye lile gauni, si kwenye njia. Akakanyaga jiwe lenye mwani. Akaenda chini mzimamzima, kreti na fulana na diwani wake.

Rizalyn alimsubiri ainuke, atoe mchanga mdomoni.

"Kaka," akasema, "nikuvushe? Peso ishirini."

Gati zima lilicheka. Kijana naye alicheka, na hapo ndipo Rizalyn alipomtazama vizuri. Aliitwa Dionel, na ngalawa aliyokuwa akiipakia ilikuwa ya duka la wazamiaji kisiwani, lile lile ambako Rizalyn alikuwa anakwenda kujifunza kazi. Ukimkataa mtu gatini, hakikisha kwanza kwamba si nahodha wako.

Alikuja kutafuta cheti cha kuongoza wazamiaji. Miaka minne alikuwa amekaa ofisini Cebu akipokea simu za wateja wa ng'ambo wanaogombana na mashine zao za kufulia. Siku alipoaga, mama yake hakulia, alihesabu. "Miezi mitatu, Rizalyn. Ukirudi bila cheti, unarudi kwenye simu. Nimeongea na bosi wako." Na mama huyo hakuwa mtu wa kutania.

Mtoa cheti alikuwa Mwalimu Perla, mwanamke wa kwanza kisiwani kuwa mkufunzi, mfupi, mweusi kwa jua, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili. Siku ya kwanza alimkabidhi ndoo.

"Nimekuja kuzamia, Mwalimu."

"Utazamia. Anza na hizo suti za kuzamia, kuna watu wamezikojolea."

Basi ndivyo siku zilivyokwenda. Saa kumi na moja alfajiri alibeba mitungi ya hewa kutoka kwenye kompresa hadi ngalawani. Kulipokucha walizama kuwatazama papa wenye mikia mirefu. Mchana aliosha suti, jioni alisoma. Mabega yalimchubuka, pua ilibambuka, na akapenda kila kitu, hata ndoo.

Dionel alimpenda yeye, wala hakuficha. Wazamiaji huulizana kwa ishara za mikono hewa iliyobaki kwenye mtungi. Mia mbili ni mtungi uliojaa, hamsini maana yake panda juu. Wawili hao waliligeuza swali hilo kuwa salamu yao, na Dionel akienda bara kuchukua mafuta alipiga simu kabla hata ya kufunga ngalawa.

"Hewa ngapi?"

"Mia na ishirini. Nimeosha suti ishirini na nne. Vidole vyangu vimekunjamana kama vya bibi."

"Ukiniona itapanda mia mbili."

"Nikikuona inashuka. Unanichekesha, na anayecheka hupumua sana."

"Basi nitakuja nimenuna, langga."

Langga huitwa mpenzi, haitwi jirani.

"Umesemaje?"

"Mtandao mbovu huku."

"Mtandao mzima kabisa, Dionel. Rudia."

Akarudia. Rizalyn akaificha simu kifuani kama vile suti zote ishirini na nne zilikuwa zinasikiliza.

*

Wiki ya mwisho Mwalimu Perla alimruhusu kuongoza wageni, yeye akiwa juu ngalawani anatazama. Mtihani ulikuwa Ijumaa na miezi mitatu ingeisha Jumamosi. Siku ya Jumatano mgeni alikuwa Bwana Noh, daktari wa meno mstaafu kutoka Korea, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

Pale dukani kuna utaratibu. Anayefungua koki ya mtungi hubandika utepe wenye herufi zake, ili kukitokea jambo asitafutwe mchawi. Rizalyn alifungua koki ya Bwana Noh mpaka mwisho, akamwambia avute pumzi huku wote wawili wanatazama geji, yaani kipimo cha hewa, mshale ukatulia, akabandika RY.

Lakini ngalawani kuna utaratibu mwingine, wa wanaume wa boti, wa zamani kuliko duka. Mgeni akisimama ukingoni tayari kuruka, mtu wa boti hushika koki mgongoni kwake kwa mara ya mwisho. Huizungusha mpaka mwisho wa kufungua, kisha huirudisha robo ya mzunguko ili isikwame. Dionel alifundishwa na baba yake, na miaka minane hakuna mtu aliyemkataza. Asubuhi hiyo wimbi liliinua ngalawa. Mkono wa kulia ulimshika mgeni asianguke, wa kushoto ukaenda kwenye koki, na macho yalikuwa kwa Rizalyn, aliyekuwa anamwekea mgeni sawa miwani ya kuzamia.

Mita kumi na nane chini, Bwana Noh alianza kutapatapa. Kila alipovuta pumzi mshale wa geji ulianguka, akiacha unapanda. Rizalyn alimpa mdomo wake wa hewa wa akiba, akamshika mkanda, akamtazama machoni mpaka mapovu yake yakatulia. Kisha akapeleka mkono nyuma ya mgongo wa mgeni na kufungua koki. Ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka. Ilikuwa karibu imefungwa kabisa.

Wakapanda taratibu. Mita tano wakasimama dakika tatu kama sheria inavyotaka, na hizo dakika tatu Rizalyn aliujua mkono uliogusa koki ile baada yake.

"Nani amefungua mtungi huu?" aliuliza Mwalimu Perla juu ngalawani, baada ya kuelezwa yaliyotokea, ingawa utepe aliuona.

"Mimi, Mwalimu. Mpaka mwisho."

"Kama ni mpaka mwisho, ilifungwaje?"

Rizalyn alimtazama Dionel. Alikuwa anakunja kamba, hana hili wala lile. Alimngojea. Angetaja jina, na jina hilo lingekosa kazi siku hiyo hiyo, na yeye angebaki hajui kama mwanamume huyu husema ukweli bila kusukumwa. Kamba ikaisha kukunjwa.

"Utepe ni wangu," akasema.

"Basi hutaongoza. Mtihani wa Ijumaa nimeuahirisha mpaka nijue mikono yako ni ya kuaminika."

Mchana Dionel alimfuata penye ndoo za kuoshea suti, ameshika wali uliopikwa ndani ya ukili wa minazi, na samaki wa kukaanga. Alikuwa na uso wa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Usijali, langga. Kila mtu hukosea. Mimi si nilianguka na kreti?"

"Kila mtu," alisema Rizalyn polepole. "Dionel, ulishika koki yake."

"Ndiyo, nashika zote. Mpaka mwisho, kisha robo nyuma."

"Mpaka mwisho upi?"

Dionel alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unataka kunitupia lawama mimi?"

"Nakuuliza."

"Miaka minane, Rizalyn! Koki naijua kabla wewe hujajua bahari ina chumvi. Ndivyo mlivyo watu wa mjini. Likitokea kosa, mnamtafuta mwenye fulana chakavu."

Dionel aliomba ardhi immeze mara tu neno lilipomtoka, lakini neno ni kama risasi. Rizalyn aliufunga ule wali vizuri, akamrudishia.

"Hewa imekwisha, Dionel," akasema.

*

Ijumaa, siku ambayo ingekuwa ya mtihani, Rizalyn alikunja nguo zake. Mama alipiga simu.

"Cheti unacho?"

"Nakuja kesho, Mama."

"Sijakuuliza unakuja lini."

Rizalyn alivuta zipu ya begi, na mama, ambaye alikuwa amejiandaa kufoka, alijikuta anauliza kama amekula.

Wakati huo huo Dionel alikuwa peke yake kwenye banda la mitungi, amejaa hasira na ile *mpaka mwisho upi* haimtoki kichwani. Nitamwonyesha, alijisemea. Akafunga vifaa kwenye mtungi, akafungua koki kwa mkono wa kulia, akavuta pumzi. Mshale ukatulia. Umeona? Alitaka kuondoka. Kisha akakumbuka wimbi, na mkono wa kulia uliokuwa na kazi nyingine.

Akasimama alivyosimama Jumatano, nyuma ya mtungi. Akatumia mkono wa kushoto. Badala ya koki akatazama kofia ya Rizalyn iliyotundikwa msumarini. Mkono ukaenda wenyewe mpaka mwisho, ukarudi robo. Akatia mdomo wa hewa kinywani, akavuta, jicho kwenye geji.

Mshale ulianguka.

Akavuta tena. Ukaanguka tena: mkono wa kushoto ulikuwa umekwenda mpaka mwisho wa kufunga. Dionel alikaa chini, kwenye sakafu yenye maji. Wazee walisema mazoea yana taabu, lakini hawakusema taabu hiyo huenda ikampata mwingine.

Jumamosi asubuhi, wageni na wafanyakazi walipokusanyika penye ubao wa majina, Dionel alisimama mbele yao.

"Koki ya Bwana Noh niliifunga mimi," akasema. "Rizalyn alifungua, mimi nikafunga. Na alipotaka kuniambia, nikamtukana."

"Sema tena," alisema Mwalimu Perla, "kompresa inapiga kelele."

Akasema tena, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Bwana Noh alivua miwani akaifuta. "Yule binti," akasema, "aliifungua kule chini. Niliisikia mgongoni, ikizunguka na kuzunguka. Nilikuwa nimeogopa mno hata nikasahau kushukuru."

Mwalimu Perla alimgeukia Dionel. "Tangu leo hushiki mtungi mpaka umesomea. Nyote wa boti, hiyo robo yenu izikwe leo. Mtihani ni kesho, kama bado tuna mwanafunzi. Wapi Rizalyn?"

Rizalyn alikuwa ameondoka na ngalawa ya kwanza.

Dionel alipiga simu mara kumi na mbili. Kisha akawasha injini.

Maji yalikuwa yamekupwa tena. Rizalyn alisimama gatini katika foleni ya basi, amevaa lile lile gauni la njano, aliposikia mtu anarusha maji huku na huku akija mbio.

"Ni mimi niliyeifunga!" Dionel alipiga kelele akiwa bado majini.

"Umefunga nini?" aliuliza muuza karanga.

"Koki!"

"Basi kaifungue, kelele za nini?"

Rizalyn hakucheka. Dionel akafika, anatiririka maji, anahema.

"Nimejaribu kwa mkono wa kushoto. Mshale ulianguka. Nimewaambia wote, Mwalimu, mgeni, wote. Mtihani wako ni kesho. Sikuja kukuomba unipende, nimekuja kukurudisha kazini kwako. Lile neno la fulana... nilikuonea, Rizalyn. Nisamehe."

"Ulimwambia Mwalimu kabla hujajua kama nitarudi?"

"Kabla."

Basi lilipiga honi. Rizalyn alimtazama dereva, akamtazama Dionel, akamkabidhi begi.

"Hili unabeba wewe. Mimi utanivusha mgongoni." Akakunja gauni. "Na ukianguka, nakudai ishirini."

Hakuanguka.

Jumapili Rizalyn alifaulu, na Mwalimu Perla alitia sahihi akilalamika kalamu mbovu, maana macho yalikuwa yamemlowa. Rizalyn alimpigia mama yake, akamsomea cheti chote mpaka tarehe.

Jumatatu aliongoza kwa cheti chake. Wageni walipokuwa tayari, Dionel alisimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Nikiwapeleka baba na mama Cebu kwa mama yako, na nguruwe wa kuchoma, atatufungulia mlango?"

"Atakuchotesha maji wiki nzima kwanza, kama wachumba wa zamani."

"Nitachota. Na wewe, unasemaje?"

"Nifungulie mtungi wangu."

"Nimekatazwa."

"Mimi ndiye kiongozi leo. Nakuangalia. Fungua."

Dionel alifungua kwa mkono wa kulia, macho kwenye koki, polepole, mpaka ikagoma.

"Mpaka mwisho," akasema. "Sirudi hata robo."

Rizalyn alichukua mdomo wa hewa, akavuta mara mbili huku akitazama geji. Mshale haukutikisika.

"Hata leo huniamini?" aliuliza Dionel.

"Nakupenda," alisema Rizalyn, akivuta miwani usoni. "Na nitakukagua mpaka tuzeeke. Waambie wazee, Jumapili ijayo."

Akajitupa majini kinyumenyume.