Makopo Mia Tatu na Kisanduku Kimoja

"Shuka!"

"Nitashukaje na kopo sijaliona?"

"Shuka nimesema! Daktari alikwambia nini kuhusu hilo goti?"

"Daktari hauzi spea za cherehani, mama watoto."

Hao ni mama na baba. Baba yuko juu ya ngazi, mama kaishika kwa chini. Mteja kasimama mlangoni, anapiga miayo. Kila siku ni hivyo hivyo. Tuna makopo mia tatu kwenye rafu, mpaka kwenye dari. Ndani yake ni spea za cherehani. Kipi kiko wapi, anajua baba peke yake. Mwezi uliopita alianguka. Akianguka tena, duka limekwisha.

"Na wewe," mama akanigeukia, "hiyo kompyuta yako inasaidia nini?"

Shule niliacha mapema. Programu nimejifunza kwenye simu, vipande vipande. Miezi miwili nilikuwa natengeneza injini ya kutafuta. Unaandika jina la spea, inakwambia iko kopo gani. Ilikuwa haifanyi kazi. Nikirekebisha hapa, panaharibika pale. Macho yalikuwa yanawaka kama nimepuliziwa pilipili.

Nikaenda steshenari ya jirani. Dada wa pale huwa anawatengenezea watu kurasa za mtandao.

"Injini umeandika mwenyewe?" akauliza.

"Yote."

"Nani kakutuma? Na ujuzi wenyewe huu wa kuokoteza."

"Dada, unanitukana?"

"Nakupunguzia kazi. Injini zipo, watu wameshatengeneza, za bure. Unaipa orodha ya makopo yako, inatafuta yenyewe. Wewe tengeneza uso wake tu. Weka kisanduku cha kuandikia na kitufe cha kubonyeza. Majibu yakae chini yake. Mtu akiandika, ukurasa unapeleka maneno kwa injini. Injini ikirudisha majibu, ukurasa unayaonyesha. Basi."

"Basi?"

"Basi. Hiyo unaiweza."

Kweli niliiweza. Siku nne tu. Nikamwita baba, nikampisha kiti.

Akaandika kwa kidole kimoja: inakata uzi. Akabonyeza. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Imeninunia," akasema. "Ukimuuliza mtu akanyamaza, amekudharau."

Akainuka, akaifuata ngazi.

Nilitaka kuitupa ile kompyuta barabarani. Nikarudi kwa dada, akanicheka.

"Leo usiiguse. Kaa dukani, msikilize mzee anavyouza."

Nikakaa. Asubuhi nzima hakuna mteja hata mmoja aliyetaja jina la spea.

"Mzee, inaruka mishono."

"Mzee, inasokota uzi chini."

Wao wanataja ugonjwa, baba anatoa dawa. Orodha yangu mimi ilikuwa na majina ya spea tu.

"Umeona sasa?" dada akaniambia. "Kila kopo liongezee maneno ya wateja. Na pasipo na jibu, usiache weupe. Andika: Sijapata, jaribu neno lingine."

Tukaanza. Baba kwenye kiti, goti juu ya ndoo iliyofunikwa. Mimi naandika.

"Kopo la arobaini na moja?"

"Meno ya kuvutia kitambaa."

"Mteja anasemaje?"

"Anasema kitambaa hakiendi. Anasema imegoma. Mmoja alisema imerogwa."

"Niandike imerogwa?"

"Andika. Atarudi yule."

Wiki tatu, kopo kwa kopo. Baba alikuwa anasinzia katikati ya maneno. Namgusa bega, anaendelea pale pale alipoishia. Mama analeta chai, inapoa, anaipasha, inapoa tena.

Jumatatu mteja akaingia. "Mzee, inakata uzi."

Baba akataka kuinuka. Mama akamkalisha kwa jicho tu. Nikaandika, nikabonyeza. Yakaja makopo matatu: la sindano, la kibanio cha uzi, la bobini za uzi wa chini. Kila moja na namba ya rafu yake.

"Unaanza na lipi?" baba akaniuliza.

"Sindano. Wewe mwenyewe uliniambia ikae ya kwanza."

Nikapanda mimi. Nikashuka na kopo mkononi. Mteja akaondoka na sindano zake, hata miayo hajapiga.

Baba akajisogeza kwenye kompyuta. Akaandika polepole: goti linauma. Akabonyeza.

Sijapata, jaribu neno lingine.

"Sasa inajibu," akasema. "Tena kwa adabu."

Mama akacheka, kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka.

Baba akavua aproni yake, akanitundikia begani. Ilikuwa ndiyo kwanza saa sita mchana.

"Nakwenda kulala," akasema.

Ngazi hakuitazama. Akageuka, akaenda zake, anachechemea taratibu.