Ndoo za Ukungu

Kila Jumamosi alasiri meya wa Jiji la Udzungwa alitokea juu ya paa la soko, mrefu kuliko mnara wa simu, akajikuna kitambi na kuanza kuropoka. Hakuwa meya mwenyewe. Kilikuwa kivulimwanga, sanamu ya miale iliyochorwa hewani na mhandisi Eusebia kwa ajili ya kipindi chake cha kuwatania wakubwa.

Jumamosi hiyo kivulimwanga kilitangaza kwamba mitambo ya kuvuna ukungu, inayolipatia jiji maji, haina kasoro hata chembe. Mwenye shida aje ofisini Jumatatu na ndoo, meya atamchotea ukungu kwa mkono wake. Soko zima lilicheka mpaka mbavu zikauma.

Baraza la jiji halikucheka. Lilikuwa limekiruhusu kipindi kwa sharti moja: akitokea mtu hata mmoja akaamini mzaha ni kweli, kinafungwa. Eusebia alijiamini mno, akaunda mwenyewe kipimamzaha, jicho dogo linaloruka likisoma nyuso. Anayecheka ameelewa, asiyecheka amedanganyika. Ndivyo alivyojua yeye, maana alizaliwa na kukulia kituo cha angani, ambako mtu akichekeshwa hucheka, basi.

Jumatatu asubuhi wakazi wa mtaa wa Bondeni walijipanga nje ya ofisi ya meya, ndoo mkononi, nyuso kavu. Kipimamzaha kiliwapitia kikawaka nyekundu kwa kila mmoja. Eusebia alipofika moyo ulimlipuka. Amewahangaisha watu wazima, na kipindi alichokipenda kuliko kitu chochote sasa kimekwisha. Akamfuata aliyetangulia mstarini, Mama Semhema muuza vitumbua, akamwomba radhi.

"Radhi ya nini, mwanangu?" Mama Semhema alinong'ona bila kutikisa shavu. "Meya ni Mngoni, sisi Wahehe. Ni mtani wetu huyo, makabila yetu hutaniana tangu enzi za mababu. Anayecheka kwanza ameshindwa, kwa hiyo usituharibie."

Meya Komba akashuka ngazi, mkono kifuani, tayari kuwafariji waliodanganywa. Mama Semhema akamsogezea ndoo.

"Mtani, tumekuja kuchotewa. Kama ukungu umekwisha, tupe hata jasho lako. Ila jasho la Mngoni tunajua lazima lisubiriwe."

Meya aliuma midomo, akatazama juu, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka akashika ukuta, na mstari mzima ukaangua naye. Mtani hakasirikiwi, hata na meya. Kisha akapangusa macho, akauliza ni tangu lini Bondeni hawana maji.

"Tangu masika," Mama Semhema alisema, na hapo hakuwa akitania.

Meya aliona aibu, na haikufichika. Lakini aliyeshindwa utani hulipa. Akawaita mafundi wa mitambo wamfuate, akajaza ndoo kwenye bomba la ofisi, akajitwika mwenyewe na kuteremka nayo Bondeni, vigelegele vikimsindikiza njia nzima.

Eusebia alifuata na ndoo ya kuazima, furaha imemjaa hadi kooni, ila uso aliukaza kama alivyofundishwa. Kipimamzaha kilizunguka juu ya vicheko, kijani, kijani, kijani, kikasimama mbele yake kikawaka nyekundu: mtu mmoja amedanganyika.

Akakidaka, akakizima, akakitumbukiza ndani ya ndoo.