Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kivuva aliweka vitu vyake viwili mezani kando ya kikombe cha chai. Kimoja kilikuwa koleo la kukunja, aliloachiwa na mgeni mmoja wa hotelini aliyekuwa akirudi kwao. Ndani ya mipini yake mlikuwa na kisu, tupa na bisibisi. Cha pili kilikuwa kishika funguo alichokiunda mwenyewe. Alizibana funguo zake kati ya vibati viwili vigumu, kila upande akatia bolti nyembamba na nati yake. Akitaka ufunguo, aliusukuma kwa kidole nao ukachomoza kama kisu cha kukunja. Mafundi wengine wa hoteli za Diani walitembea na mashada ya funguo yaliyolia kama njuga, lakini funguo za Kivuva zilitulia kimya kiunoni mwake.

Nzembi, bintiye wa miaka kumi na mitatu, alivipenda vitu hivyo mno.

"Tazama kwa macho tu, mwanangu," Kivuva alimwambia mara nyingi. "Hii ni milango ya watu."

Asubuhi moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Kivuva alikuwa bafuni na mama alikuwa uani akiwasha jiko. Nzembi alikishika kishika funguo. Aliusukuma ufunguo mmoja, akauona mgumu. Nitaulegeza kidogo tu, alijiambia. Akakunjua bisibisi ya koleo, akaizungusha bolti. Mara nati ikachomoka, ikadunda sakafuni na kutumbukia katika ufa wa saruji. Alijaribu kuichokoa kwa kijiti, lakini ilizidi kwenda chini.

Alisikia kata ikigonga ndoo tupu. Baba alikuwa amemaliza kuoga. Nzembi alitoa chingamu mdomoni, akaibandika mahali pa nati, akafinya mpaka bolti ikashika. Kwa mbali, kishika funguo kilionekana kizima.

Kivuva alikunywa chai, akakifunga mkandani bila kukitazama, akatoa baiskeli.

"Baba," Nzembi aliita.

"Naam?"

Nzembi alikitazama kishika funguo mkandani. "Uende salama."

"Inshallah," alijibu Kivuva. Ingawa alikuwa Mkristo kutoka bara, miaka aliyoishi Ukunda ilikuwa imemzoesha neno hilo.

Tangu hapo Nzembi hakutulia. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Jua lilipozidi kuwa kali, alifikiria jinsi chingamu inavyolainika kwenye joto. Mama alipompa chakula cha baba apeleke, alikwenda karibu mbio.

Nyuma ya jikoni la hoteli alikuta wafanyakazi wamejazana mbele ya mlango mnene wa chuma wa chumba cha baridi. Huko ndani mtu alikuwa akigonga, lakini kwa unyonge.

"Ni Bi Hannah, mpishi," mwanamke mmoja alimwambia. "Aliingia kuchukua samaki, mlango ukajifunga. Kishikio cha ndani kimevunjika, na ufunguo wa babako haupo. Wa akiba anao meneja, naye yuko Mombasa. Na Bi Hannah ana pumu, masikini!"

Nzembi alijipenyeza mbele. Alimwona babake akihangaika na mtaimbo mlangoni, shati limelowa jasho. Mtambo wa baridi alikwisha kuuzima, lakini mlango haukusogea hata kidogo. Kishika funguo kilikuwa chini kando yake, upande mmoja umeachama.

Karibu na hapo, Bwana Owen, msaidizi wa meneja, alikuwa amemshika shati kijana mwosha vyombo aliyeitwa Rai.

"Kivuva aliacha funguo mezani wakati wa chai, na wewe ndiye ulikuwa umekaa hapo," Bwana Owen alifoka. "Jana uligombana na huyu mama. Toa huo ufunguo kabla sijaita polisi!"

"Wallahi sikuugusa, bwana," Rai alisema huku akiinua mikono. "Nipekueni."

Walikuwa wamekwisha kumpekua. Hakuna aliyemsadiki.

Nzembi alitamani kurudi nyumbani na kujifunika shuka. Huko ndani kugonga kukakoma, kisha kukaanza tena, polepole zaidi. Akaliweka bakuli la chakula chini.

"Baba, Rai hakuiba. Ni mimi."

Watu wote waligeuka. Alisema kila kitu kwa sauti iliyokatikakatika: bisibisi, nati, ufa wa sakafu, chingamu.

Kivuva alimtazama bila kupepesa. "Kwa hivyo bolti ilikuwa imelegea tangu nyumbani?"

"Ndiyo, Baba."

Kivuva alishika kichwa. "Mnyororo wa baiskeli ulinitoka pale kwenye mashine ya kusaga unga! Niliinama kuurudisha. Lazima ufunguo umeanguka pale."

"Mimi naujua mtaa ule," alisema Rai. "Nipeni baiskeli."

"Huyu asiende, atatoroka," Bwana Owen alisema.

"Mwache!" Kivuva alijibu kwa ukali. Rai akapanda baiskeli akatoka kama mshale.

"Nzembi, kaa mlangoni," baba aliamuru. "Mwite Bi Hannah. Asilale."

Nzembi alibandika mdomo kwenye mwanya wa mlango. "Shikamoo, Bi Hannah! Ni Nzembi! Nigongee kama unanisikia!" Aligongewa mara moja. Akamwambia ufunguo unakuja, akamtajia majina ya watoto wake, akamwomba agonge tena. Akangoja. Kimya. Aliita kwa nguvu mpaka sauti ikamkauka, ndipo akasikia kitu kama kucha zikikwaruza chuma.

Hatimaye baiskeli iliingia kwa kishindo. Rai alikuwa ameukuta ufunguo katika pumba mbele ya mashine, kuku wakiparura juu yake. Kivuva akafungua. Bi Hannah alitolewa akitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Walimzungushia vitambaa vya meza na kumpa dawa yake ya kuvuta, hadi pumzi zikarejea taratibu.

Alipokwisha kupelekwa zahanati, Kivuva alimketisha Nzembi kivulini.

"Sina hasira juu ya nati," alisema. "Nati nitainunua dukani. Ungeniambia asubuhi, ningetia nyingine tukacheka. Lakini ulinyamaza, na kunyamaza kwako kumemfungia mama wa watu ndani, na kumvisha wizi asiyeiba. Ukiharibu kitu, sema mapema, kingali kidogo. Ukikificha kinakua, na hujui kitamwangukia nani."

Nzembi alilia kimyakimya. "Nisamehe, Baba."

"Mimi nimekusamehe. Nenda kwa Rai mwenyewe."

Rai alikuwa amerudi kwenye masufuria. Bwana Owen alikuwa amesimama hapo akiomba radhi kwa kigugumizi, kisha akaondoka ameinamisha kichwa. Nzembi akasogea.

"Kaka Rai, nisamehe. Wamekuita mwizi kwa ajili yangu."

Rai aliendelea kusugua. "Ulipokuja, nilikuwa nafikiria nitamwambia nini mamangu," alisema. Kisha akamtazama. "Lakini umesema mbele ya watu wote. Wakubwa wengi hapa wasingethubutu. Basi, yamekwisha."

Nzembi alikunja mikono ya gauni, akachukua sufuria iliyofuata, wakaosha pamoja.